Patriot Guard Riders huenda kwa mwaliko wa familia tu

Je, waendesha pikipiki wanaosindikiza mazishi ya wanajeshi Marekani ni kikosi cha jeshi, au hulipwa? Hapana, si kikosi cha jeshi wala hawalipwi. Ni raia wanaojitolea chini ya Patriot Guard Riders, chama kilichoanzia Kansas mwaka 2005, wakati waumini wa Westboro Baptist Church, kanisa dogo la huko huko Kansas, walipokuwa wakiandamana na mabango ya matusi kwenye mazishi ya askari waliouawa vitani. Kwa kanuni yao wenyewe, hawaendi msibani bila kualikwa na familia. Wakifika hujipanga mstari, bendera mkononi, ili wafiwa wapite bila kuyaona mabango hayo, na kwangu hiyo ni heshima ya kweli kwa marehemu. Si lazima mwanachama awe amepitia jeshini, wala hata awe na pikipiki.