Uzamili wa miundo, maji au usimamizi wa miradi?

Mdogo wangu, umesema una shahada ya uhandisi ujenzi, uko saiti hapa Mwanza, na unasita kati ya uzamili wa miundo, wa maji na wa usimamizi wa miradi. Mimi ningechukua maji. Ziwa liko mlangoni, lakini kuyapandisha maji kutoka mitambo ya maji ya Capripoint au Butimba hadi nyumba za juu maweni kule Mabatini ni kazi ya pampu, matangi na presha, na inataka mtu aliyebobea. Usimamizi subiri kidogo. Utaufaidi ukishaongoza mafundi miaka kadhaa. Miundo ichague kama daraja la Kigongo–Busisi ukilipita unawaza nguzo tu. Ila kabla ya kulipa ada uliza: ni masomo na tasnifu, au utafiti mtupu? Utafiti mtupu huku uko kazini, msimamizi yuko mbali, utakuchosha sana, labda uwe unataka kufundisha chuo.