Maswali na majibu: Fedha za chuo kwa wacheza dansi chipukizi

Maswali mengi safari hii yametoka kwa vikundi na shule za dansi zinazotaka kuanzisha ufadhili wa masomo ya chuo. Wanafunzi wenyewe nao hawakukosa.

Tumekusanya ada ya mwaka mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Tumtangaze mshindi sasa, nyingine tuchangishe huku anasoma?

Mtangazeni, ila tangazo liseme wazi kwamba ni fedha za mwaka mmoja tu. Msiahidi shahada nzima kwa fedha ambazo bado ziko mifukoni mwa watu. Mwaka wa kwanza ndio rahisi: wachangiaji wana ari, na mara nyingi chuo chenyewe hupunguza ada ili kumvuta mwanafunzi. Wengi hukwama mwaka wa pili, ari imepoa na punguzo limekwisha.

Tena fanyeni hesabu mapema. Mkichukua mwanafunzi mpya mmoja kila mwaka kwa masomo ya miaka minne, mwaka wa nne mtakuwa mmebeba wanne kwa mpigo. Njia salama ni kutochukua mtu mpya mpaka fedha zake za miaka yote ziwe benki, pamoja na ziada ya asilimia 10 hivi kwa sababu ada hupanda. Kama hamfiki huko, gawanyeni mlizonazo kwa idadi ya miaka. Robo ya ada inayofika kila mwaka bila kukosa ina faida kuliko ada nzima inayokatika katikati ya masomo.

Mfuko wa kudumu unaotoa faida tu bila kugusa mtaji unahitaji kiasi gani?

Wasimamizi waangalifu hutoa karibu asilimia 4 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, maana yake mtaji uwe mara 25 ya mnachotaka kutoa. Kwa kila 1,000 ya ufadhili, wekeni 25,000. Hiyo asilimia ipigwe kwenye wastani wa thamani ya miaka mitatu, si ya mwaka mmoja, la sivyo soko likishuka ghafla na mwanafunzi anashuka nalo. Mwaka wa kwanza msitoe kitu.

Kwa kikundi kidogo hatupendekezi mfuko wa aina hii. Mtaji mdogo huzaa tuzo ya kununua vitabu viwili, na kazi ya usimamizi haipungui. Afadhali mfuko wa kutumika mpaka uishe, wenye idadi ya wanafunzi inayojulikana tangu mwanzo.

Onyesho letu la kuchangisha lilijaa hadi mlangoni, lakini baada ya gharama hatukubaki na kitu. Tulikosea wapi?

Mlilipia onyesho kwa tiketi. Ukumbi, mafundi wa taa na sauti, bima, mavazi na leseni ya muziki ni gharama zinazotakiwa kuwa na mdhamini kabla tiketi ya kwanza haijachapwa. Leseni ndiyo inayosahaulika zaidi: kucheza wimbo wa mtu mbele ya umma, hata kwa hisani, kwa kawaida kunahitaji kibali cha wenye haki zake. Asipopatikana mdhamini, punguzeni onyesho. Mazoezi ya wazi katika chumba chenu wenyewe, wachangiaji wakiketi ukutani, hayana gharama ya taa wala mavazi, na wageni huona jasho la mwanafunzi kwa karibu.

Mchangiaji wetu mkubwa anataka kumteua mshindi mwenyewe, na mpwa wake ameomba. Tunaogopa kumkosa.

Anaweza kuchagua kundi, kwa mfano wanaosoma utunzi wa dansi au wanaotoka familia zenye kipato kidogo, na tuzo ikaitwa kwa jina lake. Mshindi mwenyewe hamteui. Katika nchi nyingi fedha anazompangia ndugu yake hazihesabiwi kuwa msaada wa hisani, hivyo nafuu ya kodi yake na usajili wenu vyote vinaingia hatarini. Mwelezeni kwa lugha hiyo ya kodi. Huumiza kidogo kuliko lugha ya upendeleo. Sheria ya ndugu na wanafunzi wa wajumbe iandikwe kabla ya maombi kufunguliwa: jaji ambaye mwanafunzi wake anashindana hatoi alama kwa mwanafunzi huyo na hutoka chumbani anapojadiliwa.

Majaji wetu watatu walipishana mno kwa alama, mpaka matokeo yakaleta manung'uniko. Majaribio yapangwe vipi?

Anzeni na karatasi ya alama. Jaji akiambiwa atoe alama kati ya 1 na 10 bila kuelezwa 5 ni kitu gani, mmoja ataanzia 3 na mwenzake 7. Ngazi tano zinatosha, kila moja na sentensi yake ya maelezo. Vigezo navyo viwe vinne: udhibiti wa mwili, usikivu wa muziki, uwasilishaji, na namna mwanafunzi anavyopokea sahihisho. Hicho cha mwisho huachwa nje kila mara, wakati ndicho kitu atakachofanya kila siku chuoni.

Kupokea sahihisho hakuonekani kwenye dansi ya peke yake iliyofanyiwa mazoezi miezi sita. Kunahitaji darasa. Prix de Lausanne, shindano la vijana wa baleti huko Uswisi lililoanza mwaka 1973, huwatazama washiriki wake darasani na si jukwaani pekee, na hata kamati ndogo inaweza kufanya hivyo. Wekeni darasa la dakika 75 hadi 90, wanafunzi wasizidi 20, namba kifuani na mgongoni. Mwalimu atoe zoezi, asahihishe, kisha zoezi lirudiwe upande wa pili. Hapo majaji waandike. Kila baada ya mazoezi mawili matatu mistari ibadilishane, la sivyo aliyeanza nyuma ataonekana nusu tu. Baadaye zije dansi za peke yao, dakika moja na nusu hadi mbili, muziki ukikatwa kwa wote muda ukifika. Zamu zipangwe kwa kura, si kwa herufi za majina.

Kabla ya kuanza, majaji watazame pamoja video mbili za watu wasioshindana na kuzipa alama, ili kila mmoja ajue mwenzake anaona nini. Siku yenyewe karatasi zikusanywe kabla ya mtu kufungua mdomo. Majaji wakipishana ngazi mbili kwa mtu mmoja, mtu huyo ajadiliwe, msikimbilie wastani. Alama 5, 3 na 1 hutoa wastani wa 3, sawa na 3, 3 na 3, lakini hao ni wacheza dansi wawili tofauti kabisa.

Mambo mawili zaidi. Vigezo vikiandikwa kwa lugha ya baleti ("nyonga zimegeuka nje"), mcheza ngoma za asili au hip hop ameshindwa kabla hajaingia. Andikeni kitu kinachoonekana katika kila mtindo, kama udhibiti wa uzito au usahihi wa mapigo. Na fomu isiwe na nafasi ya uzito wa mwili. Hakuna uamuzi halali mtakaofanya nayo.

Hali ya kifedha ipimwe na watu wengine kabisa, wasioona alama. Tangazo lenu liseme kipi kinatangulia: mnachuja kwa kipaji kisha kumpanga mbele mwenye uhitaji zaidi, au kinyume chake. Manung'uniko mengi huanzia kwenye ukimya wa hapo.

Naomba kwa njia ya video na nina simu tu. Inatosha?

Inatosha. Ilaze simu kwa ubavu ili picha iwe pana, iwe kwenye kitu imara kwa urefu wa kifua, wala asiwepo mtu wa kukufuata nayo. Isogeze mpaka mikono iliyoinuliwa na vidole vya miguu vyote vibaki ndani ya picha, hata unaporuka pembeni kabisa. Dirisha liwe nyuma ya simu, si nyuma yako, usije ukawa kivuli. Vaa nguo inayobana, ya rangi tofauti na ukuta. Dansi moja irekodiwe bila kukatwa. Jaji akiona mkato hudhani umeficha kosa. Anza na sehemu yako bora, maana hakuna anayesubiri dakika ya pili ili avutiwe. Kisha fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kukituma: kiungo kinachodai nywila huishia kutotazamwa.

Nimeteguka kifundo wiki tatu kabla ya majaribio.

Waandikie leo, si siku ya majaribio, ukiambatisha cheti cha daktari. Omba wapokee video uliyorekodi kabla ya kuumia au wakuruhusu kukaa pembeni mwa darasa na kuhojiwa. Usicheze kwa dawa ya maumivu. Kamati nazo ziweke kifungu cha kuahirisha tuzo kwa mwaka mmoja, kwa sababu kuumia katika fani hii si jambo la nadra.

Tulipotoa ufadhili, chuo kikapunguza msaada wake kwa kiasi kilekile. Mwanafunzi hakupata nyongeza yoyote!

Vyuo vingi vinaruhusiwa na kanuni zao kufanya hivyo. Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi: fedha za nje zitapunguza mkopo wa mwanafunzi, ada anayodaiwa, au ruzuku ya chuo? Zikipunguza mkopo, lipeni. Zikipunguza ruzuku, ombeni mlipe mwaka unaofuata au mwelekeze fedha kwenye gharama ambazo chuo hakikuhesabu. Kwa anayesomea shahada Marekani kuna jambo la ziada: sehemu inayolipia ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi haitozwi kodi ya mapato, lakini inayolipia chakula na malazi huhesabiwa kuwa kipato. Barua ya tuzo itaje matumizi.

Alama za masomo za mwanafunzi tunayemfadhili zimeshuka chini ya sharti letu. Tukate?

Mpeni muhula mmoja wa kujirekebisha kwanza, kwa maandishi. Muhula wa kwanza wa mafunzo ya kila siku humchosha karibu kila mtu.

Ufadhili wetu hulipa ada tu. Mwanafunzi anasema hana viatu. Ni kisingizio?

Si kisingizio. Kiatu cha ncha, kile cha baleti cha kusimamia vidole, hushikiliwa na kisanduku cha mbele na ubao wa chini; vikilainika, kiatu hakimbebi tena, na kwa mazoezi makali hilo huweza kutokea ndani ya siku chache. Ongezeni nauli ya majaribio na matibabu ya viungo, na mtaona pengo ambalo ada haizibi. Tengeni fungu dogo kando ya ada, lilipwe kila muhula: sehemu ya kwanza mwanzoni bila masharti, inayofuata akileta risiti za ile ya kwanza. Msimtake anunue kwanza ndipo arudishiwe. Asiye na fedha hana cha kutanguliza.