Sifa za simu: tuamini boksi au simu yenyewe?

SWALI: Mimi ni fundi simu hapa Morogoro. Najitolea kujaza hifadhidata ya chanzo huria inayokusanya sifa za simu, ili watengeneza programu wajue kazi yao itatumika kwenye vifaa vya aina gani. Nanakili kwenye boksi na kwenye tovuti za wauzaji, lakini mara nyingi takwimu zinagongana. Nishike ipi?

JIBU: Fundi, wewe una kitu ambacho wengi wanaojaza hifadhidata hizi hawana: simu yenyewe iko mezani kwako. Iulize hiyo. Mwenye simu akikubali, washa utatuzi wa USB (USB debugging), chomeka kebo kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu ya Android amri kutoka kwenye kompyuta, kisha andika adb shell getprop ro.product.model, amri inayosoma jina la modeli. Jibu litakalotoka liandike herufi kwa herufi. Jina la dukani halitoshi. Galaxy A05 na Galaxy A05s zinaachana kwa herufi moja tu, lakini ya kwanza ni SM-A055 yenye chipu ya MediaTek, ya pili ni SM-A057 yenye chipu ya Qualcomm. Ukizichanganya, umempotosha kila atakayesoma baada yako.

Kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya simu, ndiko takwimu zinakogongana zaidi. Juzi nilishika simu ambayo boksi lake limeandikwa GB 8 kwa maandishi makubwa. Pembeni, kwa maandishi ya kukodolea macho, 4+4. Nilipoandika adb shell cat /proc/meminfo, mstari wa MemTotal ulisema 3847216 kB. RAM ya kweli ni GB 4. Hizo nne nyingine ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyoazimwa, nayo ni ya polepole kuliko RAM. Usishangae pia kwamba haikufika 4194304, ambayo ndiyo GB 4 kamili: kerneli (kiini cha mfumo wa simu) na baadhi ya vifaa vya ndani hujitengea sehemu yao mapema. Andika zote mbili, namba ghafi kama ilivyotoka na GB 4 kwenye safu yake.

Kingine kinachosahaulika ni getprop ya ro.product.cpu.abilist, orodha ya aina za prosesa ambazo Android ya simu hiyo inaendesha programu zake. Simu nyingi za bei nafuu zina prosesa ya biti 64 lakini zimewekewa Android ya biti 32. Usipoona arm64-v8a, yaani biti 64, kwenye jibu, programu iliyotengenezwa kwa biti 64 pekee haitaingia, hata kama tangazo linasifia chipu. Na hiyo chipu usiibahatishe jina lake la biashara kwa ro.board.platform, sifa inayotaja jukwaa la chipu: mt6765 hutokea kwenye Helio P35 na pia kwenye Helio G35. Andika mt6765, uishie hapo. Kwa kioo, adb shell wm size (ukubwa kwa pikseli) na adb shell wm density (msongamano wa pikseli) zinatosha.

Simu feki hudanganya hata hapa, kwa sababu majibu ya getprop hutoka kwenye mafaili ya maandishi kama build.prop, na aliyeitengeneza anaweza kuandika atakalo. Linganisha majibu. Simu inayodai Android 13 inapaswa kuwa na ro.build.version.sdk, namba ya ndani ya toleo la Android, ya 33. Ukikuta 27, hiyo ni Android 8.1 iliyovishwa jina, iweke kando. Kwa modeli ngeni, mimi husubiri nishike simu ya pili ya aina ileile ndipo niingize.

Hili la mwisho naliomba kwa dhati: usitume matokeo yote ya getprop kama yalivyo. Ndani yake mara nyingi mna namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na jina la mtandao wa mteja. Chukua mistari unayoihitaji tu. Kama hifadhidata inataka IMEI, toa tarakimu 8 za mwanzo, zinazotambulisha aina ya simu. Saba zilizobaki ni za mteja wako. Kisha zima utatuzi wa USB kabla hujamkabidhi simu yake.