Wasomaji Wanauliza: Mdakaji wa akiba aliyebeba World Series mara nne

Toleo lililopita tuliweka habari fupi ya Bruce Bochy, kocha wa besiboli wa Marekani aliyebeba World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli kule, mara 4, na mwishoni tukagusia tu kwamba enzi zake za kucheza alikuwa mdakaji wa akiba. Hako kasentensi ka mwisho ndo kameleta meseji nyingi kuliko habari yenyewe, kwa hiyo leo safu yote ni ya huyu mzee.

Kaka habari za kazi. Mi besiboli naangaliaga kwenye simu tu, nikaenda kutafuta takwimu za huyo Bochy akiwa mchezaji nikakuta za kawaida sana, hata hazivutii. Sasa mtu mwenyewe hakuwa mkali, anawafundishaje wakali? – Msomaji, Mbeya

Salama ndugu yangu. Takwimu ulizoziona ni za kweli. Alianza kucheza ligi kuu mwaka 1978 na Houston Astros, akapita New York Mets, akamalizia San Diego Padres mwaka 1987. Misimu 9, mechi 358 tu. Ligi ile timu inacheza mechi 162 kwa msimu mmoja, we piga hesabu, ni kama mechi 40 kwa mwaka, zingine zote yuko benchi anaangalia wenzake. Na akipewa nafasi ya kupiga, kila mara 100 anafanikiwa kama mara 24 hivi. Kwa mpigaji hiyo ni chini ya wastani.

Ila hakuwa mtu wa kubahatisha, hilo naomba tuelewane. Kucheza ligi kuu misimu 9 siyo mchezo, wapo maelfu wanaozeekea ligi ndogo bila kuitwa hata siku moja. Mwaka 1985 alimpiga Nolan Ryan mpira ukavuka uzio na mechi ikaishia hapohapo, na Ryan ni mmoja wa warushaji wakali kuwahi kutokea, halafu walishakuwa timu moja kule Houston mwaka 1980. Na 1984 alikuwemo kwenye kikosi cha Padres kilichofika World Series kikafungwa na Detroit Tigers.

Ila swali lako la msingi ni anawafundishaje wakali. Kwa maoni yangu jibu liko kwenye hizo mechi 120 za kila mwaka ambazo hakucheza. Twende swali linalofuata, linahusiana.

Shikamoo kaka. Naomba unieleweshe kama mtoto, mdakaji kazi yake nini hasa, na kwa nini unasema "wa akiba" kama vile ni sifa? – Dada wa Arusha

Marahaba dada'angu. Mdakaji ndo yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago na ngao kifuani na magotini, anadaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha. Wengi wanaishia hapo, wanaona ni mtu wa kuokota mipira. Lakini kwenye timu ya watu 9 uwanjani yeye peke yake ndo anawatazama wenzake wote 8 usoni, wengine wote wanamtazama yeye. Anaona nani kasogea, nani kalala. Na yeye ndo anapendekeza mpira gani urushwe, wa kasi au wa kukunja, ndani au nje, zamani kwa vidole katikati ya mapaja na tangu 2022 wameruhusiwa kutumia kifaa cha kubonyeza kinachomwambia mrushaji kofiani. Mrushaji akianza kuchoka mdakaji anajua kabla ya kocha, mpira unafika chini kidogo, au unafika pale palepale palipoombwa lakini hauna ule uzito kwenye glavu.

Sasa njoo kwa huyu wa akiba. Mdakaji namba moja hawezi kucheza mechi zote, magoti yanakufa, kwa hiyo wa akiba anapewa zile siku ambazo timu ilicheza jana usiku na leo inacheza mchana. Siku zilizobaki ana kazi ambayo haionekani kwenye luninga. Anawadakia warushaji wanapojiandaa, anaongea na yule kijana aliyepigwa jana na leo hataki kuongea na mtu, anakaa karibu na kocha anasikia kwa nini fulani katolewa na fulani kaachwa. Mwaka mzima anafanya hivyo, halafu mwaka unaofuata tena. Bochy pale San Diego alikaa nyuma ya Terry Kennedy, na msimu wake wa mwisho akakaa nyuma ya kijana mdogo Benito Santiago ambaye mwaka uleule alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. We fikiria una miaka 32 unamsaidia dogo anayekumalizia ajira. Mtu akiyapitia hayo na roho yake ikabaki nzuri, kuna kitu kuhusu wachezaji anakijua ambacho staa hawezi kukijua, kwa sababu staa hajawahi kuingia chumba cha kubadilishia nguo akakuta jina lake halipo kwenye orodha, siku 4 mfululizo.

Alipotundika glavu hakuruka moja kwa moja juu. Alianzia Spokane mwaka 1989, timu ya vijana wa daraja la chini, akapanda ngazi moja moja, akawa msaidizi Padres, na 1995 wakampa timu. Mwaka uliofuata akachaguliwa kocha bora wa Ligi ya Taifa. 1998 akaifikisha World Series akakutana na New York Yankees ya moto, akala mechi 4 bila.

Eti ni kweli ana kichwa kikubwa mpaka kofia za timu hazimuingii? – Kijana wa Morogoro

Kweli kabisa. Saizi yake ni 8 na moja ya nane, na alipokuwa anahama timu helmeti ilikuwa ishu, kule Mets hawakuwa na inayomtosha ikabidi helmeti yake ya zamani imfuate.

Kaka, mi niko Ohio huku mwaka wa kumi na besiboli nimeizoea. Naomba utuchambulie ile mechi ya saba ya 2014, maana watu wanasema Bochy alibahatisha tu kwa kuwa alikuwa na Bumgarner. – Mbongo wa Columbus

Asante kwa hili swali, nilikuwa nalisubiri.

Tarehe 29 Oktoba 2014, Kansas City. San Francisco Giants, timu aliyohamia Bochy baada ya San Diego, na Kansas City Royals wako mechi 3 kwa 3, atakayeshinda leo kabeba. Madison Bumgarner, mrushaji wa Giants, alikuwa amerusha Jumapili mechi nzima peke yake, mipira 117, Royals hawakupata hata pointi. Leo ni Jumatano. Kwa kawaida mrushaji wa kuanza anapumzika siku 4, huyu kapumzika 2. Bochy akamuanzisha Tim Hudson, mzee wa miaka 39, na Hudson hakumaliza hata ining 2 (mechi ina ining 9, kila moja timu zote mbili zinapiga kwa zamu), akatolewa.

Hapa ndo naomba watu waangalie vizuri. Kocha mwingi angemvumilia Hudson, kwanza kwa heshima, ni mchezaji mkubwa na hiyo ndo World Series yake ya kwanza maishani, na pili ni mapema mno. Bochy hakusubiri. Akamleta Jeremy Affeldt ambaye kazi yake ilizoeleka kuwa mwishomwisho wa mechi, akamuingiza ining ya pili, na Affeldt akashikilia mpaka mwisho wa ining ya nne bila kuruhusu pointi. Wale waliosema bahati wanamsahau Affeldt kila siku, na bila yeye hakuna mechi ya kumkabidhi Bumgarner. Ining ya tano Giants wanaongoza 3-2, Bumgarner akaingia. Watu wote tukajua atarusha ining 2, labda 3. Akarusha 5. Mipira 68, hakuna pointi.

Ining ya tisa, wawili wameshatoka, Alex Gordon akapiga mpira ukawaponyoka wale wa nje akafika kituo cha tatu. Akivuka tu ni sare. Anayekuja kupiga ni Salvador Perez. Wapo warushaji wengine wamepashwa, na Bochy hakunyanyuka. Perez akapiga juu, Pablo Sandoval akaudaka akaanguka chali, basi.

Sasa mwenzangu wa Columbus, uamuzi wa kumuacha Bumgarner uwanjani haukuwa ule wa kishujaa kama tunavyousimulia. Mikono ya mdakaji Buster Posey ndo ilikuwa inapokea ile mipira, na Bochy ametumia maisha yake kwenye ile nafasi, anajua mpira wa mtu aliyechoka unaonekanaje kwenye glavu hata akiwa mita nyingi pembeni. Na kuna jambo moja linalonifurahisha sana kuhusu ile mechi: benchi la upande wa pili kocha alikuwa Ned Yost, naye mdakaji wa akiba, mechi 219 tu ligi kuu. Mwaka uliofuata Yost akabeba na Royals haohao.

Halafu usiangalie hiyo moja tu. Mwaka 2010 Barry Zito, mrushaji wa Giants aliyekuwa analipwa pesa nyingi kweli, Bochy alimuacha nje ya kikosi chote cha mtoano na wakabeba bila yeye. Mtu mwingine hapo anakosana na kocha milele. Mwaka 2012 Giants wako nyuma mechi 3-1 na St. Louis Cardinals, akapewa mpira Zito huyohuyo, akashinda. Tena akaanzishwa mechi ya kwanza ya World Series dhidi ya Detroit ya Justin Verlander, akashinda tena. Tim Lincecum, mshindi wa tuzo ya mrushaji bora mara 2, mwaka huohuo aliambiwa awe wa kutokea benchi na akaikubali kazi. Travis Ishikawa 2014, mwaka mwingi kaumalizia ligi ndogo, akapangwa nafasi ambayo siyo yake, akapiga mpira uliowapeleka World Series. Mtu aliyekaa benchi anakuwa tayari kama kuna mtu alikuwa anamkumbuka siku zote alipokuwa hachezi, na Bochy hilo alilijua kwa mwili wake mwenyewe.

Akastaafu 2019. Miaka 3 baadaye Texas Rangers wakamrudisha, timu iliyopoteza mechi 102 mwaka 2021 na 94 mwaka 2022. Aliyempigia simu ni Chris Young, bosi wa Rangers, ambaye 2006 alikuwa mrushaji wake San Diego. Msimu wa kwanza tu, 2023, wakabeba kombe ambalo hawakuwahi kulibeba, na kwenye mtoano walicheza ugenini mara 11 wakashinda zote 11.

Unampamba sana. Kevin Cash naye si mdakaji wa akiba? Mbona 2020 alimtoa Blake Snell mechi ya sita akaharibu kila kitu? Kwa hiyo hiyo nadharia yako imeishia wapi? – Mbishi wa Mombasa

Haijaishia popote, ila umenibana vizuri. Ni kweli Cash, aliyekuwa anaifundisha Tampa Bay Rays kwenye World Series ile, alikuwa wa akiba, mechi 246, na kupiga alikuwa dhaifu kuliko hata Bochy. Ni kweli mrushaji wake Snell alikuwa amerusha mipira 73 tu, Los Angeles Dodgers wamemgusa mara 2, kawatoa watu 9 kwa strike tatu tatu (mipira halali waliyoikosa au kuiacha), Cash akaenda kumtoa ining ya sita na Dodgers wakageuza mechi wakabeba. Mimi naamini alikosea, na niliamini hivyo kabla Mookie Betts wa Dodgers hajapiga. Yeye alikuwa na mpango wa kutokumuacha mrushaji akutane na wapigaji walewale mara ya tatu, na takwimu kweli zinasema mara ya tatu wapigaji wanakuwa hatari zaidi. Lakini mpango uliandikwa kabla ya mechi na Snell wa siku ile hakuwa Snell wa kwenye karatasi.

Kwa hiyo mzee wangu, kudaka hakumpi mtu macho ambayo hayakosei. Huyohuyo Cash mwaka ule na uliofuata alichaguliwa kocha bora mara 2 mfululizo, na Stephen Vogt aliyestaafu kudaka 2022 akapewa Cleveland 2024 naye akachukua tuzo mwaka huohuo wa kwanza. Timu zinaendelea kuwachukua hawa watu kwa sababu zimeona.

Niko Kampala. Mwanangu ni mdakaji wa pili shuleni, msimu mzima kacheza kidogo sana na sasa anataka kuacha au kuhamia nafasi nyingine. Nimwambieje? – Mama wa Kampala

Pole mama, na hongera kwa kumsikiliza. Uganda mna besiboli ya kweli, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport mwaka 2012, na wakashinda mechi moja dhidi ya vijana wa Oregon. Kwa hiyo mwanao hayuko mahali pa kupotezea muda.

Nisingemwambia habari za Bochy kwanza, mtoto anayeumia hataki kusimuliwa mtu mzima aliyefaulu. Ningemuuliza kama anachochukia ni kudaka au ni kukaa. Kama ni kudaka, magoti yanauma, anaogopa mpira, mwache ahamie nafasi nyingine bila maneno. Kama ni kukaa, nenda naye kwa mwalimu, mwombeni vitu viwili. Kwanza awe yeye ndo anawadakia warushaji wote wanapopasha kabla ya mechi, ile ni kazi halisi na mkono wake utakua haraka. Pili mechi ikianza akae karibu na mwalimu na daftari, aandike mpira gani umerushwa kwa mpigaji gani na kilichotokea, na baada ya mechi amuonyeshe mdakaji namba moja. Na muangalieni magotini, kama ngao za shule zimechakaa ndo mnunue hizo kabla ya kitu kingine chochote.