Kabla ya Kununua Projekta ya Kupimia Vipuri, Uliza Kasi ya Ruwaza

Mafundi wenzangu wa Kampala wanaotaka kupima vipuri kwa mwanga, yaani kurusha michoro juu ya kipuri na kuipiga picha kwa kamera ili kupata umbo lake, ili wavichonge upya au wavisubu, huniuliza projekta inayofaa iwe na hezi (mara kwa sekunde) ngapi. Mimi huwajibu kwamba ndani ya projekta ya kasi kuna kasi mbili zinazoandikwa kwa kipimo hicho hicho, na anayezichanganya hununua chombo kisichoweza kazi yake.

Kasi ya fremu ni idadi ya picha kamili zinazoingia kwa sekunde kupitia waya wa video, kwa kawaida 60 au 120. Kasi ya ruwaza ni idadi ya michoro ambayo chombo hurusha juu ya kipuri kwa sekunde hiyo hiyo. Tofauti hiyo chanzo chake ni chipu ya DMD, iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Uso wake umejaa vioo vidogo mno, na kila kioo kina hali mbili tu: kupeleka mwanga kwenye lenzi au kuutupa pembeni. Kijivu hakimo katika chipu hiyo; hutengenezwa kwa kubadilisha urefu wa muda ambao kioo hupeleka mwanga. Fremu ya rangi yenye biti 24 hugawanywa katika matabaka 24 ya nyeusi na nyeupe, manane kwa kila rangi, na kila tabaka huonyeshwa kwa muda ulio maradufu ya lile lililo chini yake, kisha jicho hujumlisha yote.

Kwa sababu hiyo fremu 120 zinaweza kubeba ruwaza 2880 za biti 1, yaani za nyeusi na nyeupe tu. LightCrafter 4500, projekta ya Texas Instruments, kwa mfano, hufikia kiwango hicho kupitia waya, na hufikia 4225 ruwaza zikihifadhiwa ndani yake mapema. Lakini ruwaza zikiwa za biti 8, yaani zenye viwango vya kijivu, kasi hushuka hadi 120. Ndiyo maana sioni thamani ya tarakimu kubwa ya tangazo isiyoambatana na idadi ya biti. Mbinu ya mistari inayosogezwa kwa awamu, ambayo hurusha mistari ya kijivu na kuisogeza kidogo kila picha, huhitaji angalau ruwaza tatu kwa kila umbo, kwa hiyo 120 hizo hutoa maumbo 40 tu kwa sekunde, kiasi kinachotosha kabisa kwa gia iliyotulia mezani. Uliza pia kumbukumbu ya haraka hubeba ruwaza ngapi: chombo hicho hubeba 48 za biti 1, na zikizidi hapo hulazimika kusoma upya kutoka hifadhi ya ndani, jambo linalochukua muda.

Kamera nayo isisahauliwe. Ruwaza moja kati ya 4225 hudumu takriban mikrosekunde 237, na kamera ya picha 60 kwa sekunde haiwezi kuzitenganisha, hata ikiwa ghali namna gani. Tumia waya wa ulandanishi, ili projekta yenyewe iiamuru kamera kupiga kila ruwaza inapowaka.

Umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Muda wa kupiga picha ukiwa milisekunde 10, au kigawe chake kamili, mmeto huo hujisawazisha; kazi ikidai muda mfupi zaidi, zima taa za karakana na ufunike dirisha kabla ya kuanza kupima.