Uliniuliza kama nafurahi kweli

Tanga, Jumapili asubuhi

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Juzi ulipopiga simu uliniuliza swali ambalo sikulijibu. Ulisema, "Mama, tangu baba afariki, na kazi umeshastaafu, siku zako zinakwendaje? Unafurahi kweli, au unaniambia tu nisiwe na wasiwasi?" Nikakwambia mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua. Nilikuwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi, tui linataka kukatika, na swali kama lile halijibiwi hivyo. Leo nimekaa barazani, nimevaa miwani, nakujibu.

Si kila siku. Nianze na hilo ili yanayofuata uyaamini. Kati ya magharibi na isha nyumba inakuwa kubwa. Ndiyo saa aliyokuwa akirudi baba yako, na mpaka leo kengele ya baiskeli ikilia pale kona nainua kichwa. Saa hiyo sijaipatia dawa. Nawasha redio, namenya vitunguu hata kama sina cha kupika, inapita. Lakini siku ina saa nyingi, na zile nyingine nimezipa kazi.

Ule ubavu wa nyumba mliokuwa mkichezea rede sasa hauna hata pa kukanyaga. Nimepanda mchicha, bamia, mchaichai na mrehani, na asumini imepanda ukuta mzima mpaka imeingia kwa jirani. Mkilua alioniletea mama yako mdogo kutoka Pangani huu mwaka wa tatu hautoi hata ua moja, nao nimeshausema maneno makali. Shida yangu kubwa ni konokono. Mvua ikinyesha jioni, usiku natoka na tochi na ndoo, naokota mmoja mmoja, wengine wakubwa kama ngumi. Wadogo nawapelekea bata wa jirani. Ungeniona, mwalimu mstaafu wa biolojia, saa nne usiku nimeinama nagombana na konokono, usingeniuliza kama nina upweke.

Asumini nazichuma alasiri zikiwa bado vitumba vimefumba. Nazitia kwenye kisahani chumbani, na nikimaliza sala ya isha zimeshafumbuka zenyewe. Pakiwa na harusi mtaani wasichana wanakuja kuomba, nawafungia vikuba na mrehani. Wakinipa pesa nakataa. Wakileta sukari napokea.

Sasa hilo ua lako. Mwezi ule uliponitumia picha ya dirisha lako huko Hamburg, wewe ulitaka nione theluji nje. Mimi niliona chungu. Kaua kadogo ka zambarau, katikati pana njano, majani yana manyoya. Nikakuuliza umelipata wapi, ukasema dukani, na kwamba Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Hukushtuka? Usambara, mwanangu! Ua la kwetu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa Wajerumani hapa hapa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya baba na mwana. Watu wa milimani waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuteka maji hakuna aliyewauliza wao wanaliitaje.

Nimefundisha biolojia miaka yote na sikuwahi kuliona ua lenyewe porini. Picha yako ikaniudhi. Nikampigia shangazi yako, nikamwambia Alhamisi tunakwenda Amani, huko juu milimani Usambara. Akasema magoti yanamuuma. Nikamwambia njoo nayo.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Muheza tukanunua machungwa, tukapata gari ya kupanda mlimani. Mpaka Sigi ni vumbi na joto, halafu barabara inaanza kujikunja, kona juu ya kona, na hewa inabadilika ghafla kama mtu amefungua jokofu. Shangazi yako alijitanda kanga mbili na bado analalamika. Bustani ya mimea ya Amani Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, kuna miti imeletwa kutoka kila pembe ya dunia, na kijana aliyetutembeza alitaka tuione yote. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekuja kwa ajili ya kitu kimoja.

Akatushusha kwenye kijito. Kwenye mwamba ulioshika ukungu, upande usiopata jua, palikuwa na majani machache yamejibana kama sikio la paka, na maua matatu. Matatu tu, madogo kuliko ya chungu chako. Nikakaa chini kwenye unyevu, mtu mzima mimi, gauni likalowa, nikayatazama. Yule kijana hakujua aseme nini. Shangazi yako akamwambia, "Mwache, ana mtoto Ulaya." Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Wewe na ua hilo, nyote wawili mmetoka huku mkaenda kukaa dirishani kwa watu, na picha inaonyesha mmoja wenu anashiba.

Tulirudi siku ile ile, waja leo waondoka leo, kama wanavyotutania watu wa Tanga. Magoti ya shangazi yako hayakutajwa tena mpaka Jumamosi.

Halafu kuna mfarishi, lile tandiko la viraka vilivyoungwa. Huu sikukwambia kwa sababu nilitaka uufungue mwenyewe, ila siri imenishinda. Nilifungua lile sanduku la bibi yako, kanga zote mle zimechakaa, huwezi kuvaa, huwezi kutupa. Nikaanza kuzikata vipande vya shubiri moja moja na kuviunganisha. Jirani mmoja akaniambia mambo hayo ya kuunga vitambaa ni ya kizungu. Nikamwambia kanga yenyewe ilizaliwa hivyo. Karne ya 19 wanawake wa Mwambao walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado gora zima, wanakata urefu wa leso tatu, wanashona na urefu mwingine wa tatu, wanapata nguo moja pana ya leso sita. Jina lenyewe la leso tumelitoa kwa Wareno, na Mombasa mpaka leo hawasemi kanga. Kwa hiyo nikikaa na viraka vyangu najiona nimekaa na wenzangu wa zamani.

Nashona kwa mkono. Cherehani ipo, lakini inapiga kelele na inamaliza haraka, na mimi sina haraka. Katikati bibi yako alikuwa akijaza sufi. Mimi nimetia blanketi kuukuu, maana sufi ukiifua inajikusanya pembeni, unabaki na shuka lenye uvimbe. Juu yake napiga bandi ndogo ndogo kufuata pindo. Kila jioni nikiacha, naichomeka sindano katikati ya mshono ambao haujaisha, makusudi, ili asubuhi nisianze kwa kujiuliza leo nifanye nini.

Mle ndani kuna kikoi cha marehemu baba yako. Kuna kipande cha mbeleko niliyokubebea wewe, kimekonda hata ukikiinua juani unaviona vidole vyako nyuma yake. Kuna kanga ya bibi yako aliyovaa siku ya harusi yangu.

Na kuna doa. Nilipofika nusu nilitia kipande cha kanga mpya nyekundu, na kwa uzembe wangu sikukiloweka kwanza peke yake mpaka kiache kutoa rangi. Nikaufua mfarishi wote, nikarudi kwenye beseni, nakuta maji kama choya. Nyeupe yote ya kikoi cha baba yako imegeuka waridi. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikalia, si kidogo. Shangazi yako akasema fumua, utie kipande kingine. Usiku nikachukua wembe nifumue, nikakitazama vizuri chini ya taa, nikamkumbuka alivyokuwa akigombana na mimi nikimnunulia shati lenye hata mstari wa rangi. Baba yako, ndani ya waridi! Nilicheka peke yangu mpaka paka akaondoka chumbani. Nimekiacha.

Kaka yako anakuja na watoto kila Ijumaa baada ya sala. Nawapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wakishiba wanalala juu ya mfarishi huo huo sakafuni ingawa nimewakataza. Yule mkubwa amejua kusoma, basi kazi yake ni kusoma majina ya kanga nilizozikata. Vipande nimeviunga bila kuangalia maneno. Penye "Nani kama mama" mkasi ulimkata mama, na kando yake kimekaa kipande cha "Mso hili ana lile" kisicho na mwisho. Mtoto akasoma kwa sauti, kidole kikipita: "Nani kama mso hili?" Akaniuliza, "Bibi, mso hili ndiye nani?" Baba yake alikuwa anakunywa maji, yakamtoka puani. Sasa kila anayeingia nyumbani anaulizwa swali hilo, hata aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Kuhusu kuja kukaa kwako: nitakuja, miezi miwili, na si wakati wa baridi. Kuhamia hapana, nani ataokota konokono?

Ua lako usilimwagie maji juu ya majani, yatapata madoa. Mwaga kwenye kisahani cha chini, linywe lenyewe. Ukitaka la pili, kata jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu na usubiri. Litazaa.

Na nakuomba kitu. Kona moja ya mfarishi iko wazi. Ile kanga ya kijani uliyoondoka nayo, najua bado unalalia, usibishe. Akipatikana mtu anayekuja, nikatie kipande cha shubiri moja. Kiloweke kwanza peke yake.

Mama yako