Upanga wa Kijapani kwa Pesa ya Kawaida: Anzia Kwenye Mpini

Kijana mmoja anayesoma Coventry, hapa Uingereza, ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeona katana mtandaoni, pauni 65, wanasema iko tayari kwa vita, na stendi juu. Nimeanza iaido juzi juzi tu. Niichukue?" Katana ni upanga mrefu wa Kijapani uliopinda, na iaido ni mazoezi ya kuuchomoa na kupiga nao. Nikamjibu hapana. Baadaye nikaona jibu hilo halimtoshi, maana mimi nilipouliza swali hilohilo sikupewa hata hiyo hapana. Mkubwa mmoja wa mazoezini alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akasema upanga si mambo ya watu wa kubana matumizi. Alisema mbele za watu, wakacheka. Mwaka huu nimefaulu dani ya kwanza, yaani daraja la kwanza, na upanga niliofanyia mtihani ni wa mtumba. Mkubwa yule alikuwepo ukumbini. Sikumsemesha.

Basi haya ni yetu sisi ambao mshahara ukiingia tayari una wenyewe. Ushauri wangu wote ni mmoja na nitaurudia mpaka uuchoke: katika upanga wa bei nafuu, kagua mpini kabla hujatazama makali. Watu wengi hufanya kinyume. Wanapenda mawimbi meupe ya kwenye makali, joka lililochongwa, ala nyekundu inayometa. Hivyo vyote havijawahi kumjeruhi mtu. Kinachojeruhi ni upanga kuchomoka kwenye mpini wake katikati ya pigo na kuruka upande wa pili wa chumba.

Huo wa pauni 65 na stendi ni wa ukutani. Kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu, kilekile cha visu vya jikoni, na kikifanywa kirefu kwa sentimita sabini hakivumilii mshindo, huvunjika. Baya zaidi limefichwa. Upanga wa Kijapani uliotengenezwa sawasawa ni kipande kimoja: chuma cha makali huendelea chenyewe ndani ya mpini, kipana, karibu urefu wote wa mpini. Wa ukutani unakomea kwenye kinga ya mkono. Ndani ya mpini kuna kijiti chembamba kilichochomelewa na nati mwishoni. Utundike, upigie picha, umwonyeshe mama mkwe. Usiuzungushe. Na neno "tayari kwa vita" halina chombo chochote kinacholithibitisha. Muuzaji analiandika kama anavyoandika "punguzo".

Kwa anayeanza mazoezi, upanga wa kwanza ni wa mbao. Bokken nzuri ya mwaloni haizidi sana sentimita mia moja, utaipata kwa pauni ishirini na kitu, na madojo mengi, yaani kumbi za mazoezi, yanaazimisha. Ukae nao. Najua hutaki kusikia hivyo.

Baada ya hapo ndiyo inakuja iaito, upanga wa mazoezi usio na makali, na hapa wengi wanachanganyikiwa, wanasema mbona upanga wa Kijapani halisi hauna makali? Sababu ni sheria ya Japani. Tangu 1958 silaha na panga zinabanwa na sheria moja: upanga wa chuma wa kweli lazima usajiliwe, mhunzi awe na leseni, na mhunzi mwenyewe haruhusiwi kumaliza zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Ndiyo maana upanga mpya wa mhunzi wa Kijapani unauzwa bei ya gari. Iaito ni njia ya kupita pembeni bila kuvunja kitu. Ni aloi ya zinki na alumini, haishiki makali hata uinoe mpaka kesho, lakini urefu na umbo ni vya upanga kamili. Nyingi zinatengenezwa Seki, mkoa wa Gifu, mji ulioishi kwa visu na panga karne nyingi. Mpya, ya kuanzia, hesabu pauni mia tatu, mia nne, halafu ikifika Uingereza kuna VAT ya asilimia 20 na gharama za msafirishaji. Wengi husahau kujumlisha hizo.

Za chuma zenye bei ya kufikika karibu zote zinatoka China, hasa Longquan, mkoa wa Zhejiang. Simdharau mtu wa Longquan, huo nao ni mji wa panga tangu zamani. Ila kutoka mji huohuo unaweza kupata kazi ya heshima na takataka, kwa picha zilezile.

Yangu ya kwanza ya chuma ilitoka huko, kupitia duka moja la mtandaoni. Tangazo lilisema chuma 1060, kimepakwa udongo kabla ya kuzamishwa majini, mpini wa ngozi ya samaki. Mzigo ulipofika sikuuchomoa na kuanza kujipiga picha. Niliulaza upanga mezani juu ya taulo, nikachukua nyundo ndogo na kipande cha shaba, nikagonga vile vijiti viwili vya mianzi vinavyopita mpinini, vinavyoitwa mekugi. Cha kwanza kilitoka bila hata kugongwa, nilikisukuma kwa kidole. Cha pili kilipasuka, na hakikuwa mwanzi, kilikuwa mti laini. Nikashika mpini kwa mkono wa kushoto, nikapiga ngumi kwenye kifundo cha mkono huo kama ninavyofundishwa, mpini ukateleza wenyewe. Ndani yake: chuma chenyewe kilikuwa sawa, kipana, kirefu. Lakini tundu la mbao lilikuwa pana kuliko chuma, na ili kisicheze walikuwa wamekizungushia kipande cha boksi. Herufi za boksi zilikuwa bado zinasomeka. Maana yake upanga wa kilo moja na zaidi ulikuwa unashikiliwa na karatasi na kijiti cha mti laini.

Nikaanza kutazama na mengine. Ile ngozi ya samaki ni ngozi ya taa, nasi watu wa Pemba hatuhitaji kuelezwa ngozi ya taa ikoje. Ina vinundu vigumu vidogo vidogo vinavyokwaruza, havilingani, kimoja kikubwa kingine kidogo. Hii ilikuwa plastiki, vinundu vyote saizi moja, vimepangwa mistari. Mawimbi ya kwenye makali nikayapeleka dirishani. Mawimbi ya kweli hutokea pale mhunzi anapofunika mgongo wa upanga kwa udongo mzito na kuacha makali na udongo mwembamba, halafu akauzamisha majini: makali yanapoa haraka yanakuwa magumu, mgongo unapoa polepole unabaki laini. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mpaka wenyewe, una vichembe vinavyong'aa, na unabadilika kadiri unavyogeuza mkono. Yangu yalikuwa meupe ya ukungu, yaleyale kila upande, yamechorwa kwa tindikali.

Nilimwandikia muuzaji, na picha juu. Akanijibu kwamba picha za tangazo ni za mfano tu. Nikamwandikia tena, akanitumia kuponi. Kuponi! Nikaenda benki na karatasi zangu zote, tangazo nilikuwa nimelihifadhi kabla hawajalibadilisha, na pesa ilirudi yote. Mdogo wangu, piga picha ya tangazo siku unayolipa. Watu wanaona aibu kudai pesa ndogo. Mimi sioni aibu, nilizisimamia usiku kazini.

Kwa hiyo ukiwa unaongea na muuzaji, usiulize kama upanga ni mkali. Muombe picha ya upanga umevuliwa mpini. Anayejua anachouza atakutumia, pengine hata atafurahi kuulizwa. Anayekuzungusha umeshamjua. Uliza mekugi ni za mwanzi au la. Ukiupokea, ushike kwa mikono miwili, upige hewani taratibu mara moja halafu usikilize: kinga ya mkono ikilia, au kitu kikigonga ndani, usipige mara ya pili. Na kila siku ya mazoezi, kabla hujauchomoa, pitisha kidole kwenye mekugi. Nimeona wenye dani nne wakiruka hatua hiyo na nikanyamaza. Siku hizi sinyamazi.

Kuhusu namba za chuma sitakuchosha. 1045, 1060 na 1095 zinakuambia kaboni: asilimia 0.45, 0.60 na 0.95. Kaboni ikizidi, makali yanakaa zaidi lakini chuma kinakuwa kikavu, ukikosea pembe kinameguka. Kwa anayejifunza kukata mikeka iliyolowekwa maji, 1060 inatosha, au chuma cha springi, 5160 au 9260, ambacho kinapinda na kurudi. Usilipe zaidi kwa ajili ya chuma kilichokunjwa mara elfu. Wahunzi wa Japani walikunja kwa sababu chuma chao cha mchanga wa chuma kilitoka tanuruni na uchafu, na kaboni haikutawanyika sawa. Chuma cha kiwandani cha leo hakina shida hiyo. Mistari utakayoiona ni urembo, na urembo si dhambi, ila bei yake isitoke kwenye pesa ya mpini.

Urefu ni jambo ambalo maduka hayakuulizi. Wanakuuzia wa kawaida na wewe unaumia bega. Wajapani wanapima kwa shaku, na shaku moja ni sentimita 30.3. Mtu wa sentimita 170 hivi huanzia kwenye shaku 2.4, karibu sentimita 73 za upanga bila mpini. Wa 175 hupanda hadi 2.45. Mwalimu wako ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu mikono haifanani. Chukua wenye mfereji ubavuni, karibu na mgongo, kama unafanya iaido: ni mwepesi, na ukipiga sawasawa utasikia mvumo. Usiposikia, upanga hauna kosa.

Mimi mwishowe nilinunua iaito kwa mzee mmoja wa klabu nyingine aliyekuwa anaacha, magoti yamemkatalia. Hakuwa ametangaza popote. Nilikuwa nimewaambia watu wa mazoezini, na wa semina, na hata anayeuza chai ukumbini, kwamba natafuta. Alinipa kwa chini ya nusu ya bei ya mpya, na akanivulia mpini mwenyewe kabla sijaomba. Mbao ilikuwa kavu, imebana, mekugi ya mwanzi mweusi wa zamani. Ala ilikuwa imelegea kidogo mdomoni. Nikabandika kipande cha mbao nyembamba, ikarudi kubana. Hiyo ndiyo njia bora kuliko maduka yote, na haiwezekani kwa mtu anayekaa chumbani akitazama video. Jamani, vijana wetu mnataka upanga kabla ya mwalimu! Upanga mzuri unakuja kupitia watu. Salimia, fagia dojo, kaa mpaka mwisho.

Sasa sheria ya hapa, maana huu si mchezo. Tangu Aprili 2008, England na Wales, ni marufuku kuuza au kuingiza upanga uliopinda wenye urefu wa sentimita 50 au zaidi. Kuna nafasi kwa uliotengenezwa kabla ya 1954, kwa uliotengenezwa kwa mkono kwa njia za kitamaduni, na kwa matumizi ya michezo. Tangu 2021 hata kuuweka nyumbani ule uliokatazwa ni kosa. Ndiyo maana muuzaji makini anakuuliza uanachama wako, na anayetaka kukuuzia bila kuuliza chochote anakuachia wewe mzigo wa kueleza. Jiunge na chama kinachotambulika, chukua kadi na bima yake. Njiani upanga ukae ndani ya ala, ala ndani ya mfuko, mfuko umefungwa, na uwe kweli unatoka au unakwenda mazoezini. Usipitie sokoni. Usimchomolee rafiki kwenye basi eti auone.

Anayetaka kukusanya tu, asiyefanya mazoezi, namshauri aache kabisa mpya za bei rahisi. Tafuta wakizashi ya zamani, ile fupi. Wakusanyaji wengi wanakimbilia ndefu, hivyo fupi hushuka bei, na hata isiyo na saini ya mhunzi, iliyochoka, ni kazi ya mtu aliyeishi. Usiisugue kwa msasa na usiguse kutu ya sehemu iliyofichwa mpinini, hiyo kutu ndiyo umri wake. Ifute, ipake mafuta membamba. Mafuta yao ya jadi yanaitwa choji, na yana karafuu. Nilipofungua chupa mara ya kwanza nilicheka peke yangu: nimetoka Wete mpaka huku kununua harufu ya nyumbani, na kwa pauni.

Iaito ya aloi haihitaji hayo yote, kitambaa kikavu na tone moja la mafuta vinatosha. Ukibakiwa na pesa, usinunue stendi wala upanga wa pili. Nunua pedi za magoti, nene, uzivae chini ya hakama, ile suruali pana ya mazoezi. Sakafu za kumbi za huku ni ngumu, na kata ya kwanza kabisa, yaani zoezi la kwanza lenye hatua zilizopangwa, inaanza umepiga magoti.